Sponji ya Kichwani

Fundi hakuwahi kukaa kwenye kiti bila kukibonyeza kwanza. Kiti cha benki, kiti cha kinyozi, kiti cha ukumbini kwenye harusi ya watu, vyote alivitia kiganja, akavisikiliza vinavyorudi, kisha akatoa hukumu kwa sauti ambayo mwenye kiti angeweza kuisikia. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bwana Bonyeza. Hakuudhika, kwa sababu jina lilimletea wateja. Alikuwa fundi makochi tangu ndevu hazijamwota, na sasa zilikuwa zimeota, zimejaa na zimeanza kuwa nyeupe.

Basi siku alipoingia chumbani kwa daktari wa mishipa ya damu, mkewe nyuma yake na mkoba kaukumbatia kifuani, kitu cha kwanza alichofanya ni kukibonyeza kiti cha wagonjwa. Kilizama, na hakikurudi.

"Hiki kimekufa, daktari," alisema.

"Shikamoo, mzee. Najua kimekufa, tunasubiri ruhusa ya kukizika. Karibu ukae hivyohivyo."

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yao wa kwanza, mwenye kucheka kwa macho tu. Fundi aliitikia marahaba, akakaa, na moyoni akakiri kwamba binti huyu ana majibu.

Kilichowaleta pale kilikuwa kochi la watu watatu. Wiki iliyopita walikuwa wanaligeuza, yeye upande huu na mkewe upande ule, fremu ikamponyoka mkewe na kumgonga Fundi kichwani. Nundu ilipanda palepale. Fundi alitaka kuikanda kwa maji baridi na kuendelea na kazi, lakini mkewe, aliyejiona ndiye mkosaji, alimshikilia mpaka akaenda kupigwa picha ya kichwa. Picha ikasema nundu si kitu. Ila nyuma ya jicho la kulia, mahali ambapo fremu haikufika kabisa, palikuwa na jambo jingine.

Daktari aliwageuzia kioo cha kompyuta. Mshipa mmoja wa damu ulikuwa umetuna pembeni, kama tairi la baiskeli linavyotuna pale lilipochakaa. Ukuta wa ule mtuno ulikuwa mwembamba. Ungeweza kukaa hivyo mpaka uzeeni, na ungeweza kupasuka kesho, na kwa ukubwa wake daktari hakutaka wasubiri.

"Na ukipasuka?" mkewe aliuliza.

Daktari aliwaeleza kwa maneno machache, na hakuyapaka sukari. Akawatajia dalili pia, za kuangalia wakiwa nyumbani: mdomo kwenda upande, maneno kuvurugika, mkono kukataa kuinuka. Mkewe alizirudia kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Dawa yake," daktari aliendelea, "tunaingilia hapa juu ya paja, tunapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa mpaka kichwani. Fuvu hatuligusi. Wengi tunawajazia kile kifuko waya laini unaojikunja."

"Springi," alisema Fundi.

"Springi, sawa. Ila kifuko chako kina mdomo mpana, mzee, waya hautatulia humo. Kuna kitu kipya kinachokufaa zaidi. Ni sponji."

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe akaangalia dari, maana alijua kinachofuata.

Sponji yenyewe, daktari alieleza, ni ya plastiki inayokumbuka umbo lake. Inaumbwa ikiwa imejaa, inapashwa moto, inabanwa mpaka inakuwa nyembamba, kisha inapozwa ikiwa bado imebanwa. Hapo inalala. Ikishafika kwenye kifuko, joto la mwili na majimaji ya damu vinaiamsha, nayo inarudia umbo lake la mwanzo na kujaza kila kona bila kusukuma ukuta kwa nguvu. Damu inanasa kwenye vitundu vyake na kuganda. Miezi ikipita, mwili unaota nyama yake wenyewe humo ndani na kuuziba mdomo. Waliokwisha kufanyiwa bado si wengi, na hilo daktari hakulificha. Alitaja mazuri, akataja na mabaya. Katika mabaya kulikuwa na mkono au mguu kupooza. Fundi aliutazama mkono wake wa kulia uliokuwa gotini, akauweka chini ya wa kushoto.

"Mwanangu," alisema, "mambo ya damu ni yako, sikuingilii. Lakini sponji naijua mimi. Sponji ukiibana ikalala imebanwa, ukija kuiangalia ni kadibodi. Haiamki."

"Hii si ya makochi."

"Zote husemwa hivyo zikiwa mpya."

Daktari hakubishana. Alifungua droo, akatoa kipakiti chenye kijiti cha rangi ya maziwa, chembamba kama cha kiberiti.

"Hii ni ya kuwaonyesha watu, haiingii kwa mgonjwa. Nenda nayo. Itie kwenye maji ya vuguvugu, yale unayoweza kumwogeshea mtoto, halafu uangalie kwa macho yako. Ukiridhika nipigie. Ila usinikawize, mzee. Nakuomba."

Sasa, Fundi alikuwa na mtihani wake. Wauza sponji wote waliujua na waliuogopa. Mtu akileta mzigo, Fundi alikata kipande, akakilaza chini ya kichwa cha cherehani ya chuma iliyokwisha kufa zamani, akakiacha mpaka kesho yake. Asubuhi aliinua chuma, akamimina chai, akakaa kukitazama. Kipande kikiinuka kabla chai haijaisha, alinunua. Kisipoinuka, mwenye mzigo alipakia mzigo wake. Mtihani huo haukuwahi kumwangusha, na kwa miaka yote hiyo makochi yake yalikaliwa na watu wazito na watoto watundu yasibonyee.

Kwa hiyo alipofika karakana yake, alikitoa kijiti cha daktari kwenye kipakiti, akakilaza chini ya chuma.

"Daktari kasema maji," alisema mkewe.

"Kochi langu gani umewahi kuliona linaogeshwa?"

"Kichwa chako si kochi, baba watoto."

"Kikishawekwa sponji ni kochi."

Mkewe alimwacha. Yeye ndiye aliyekata na kushona vitambaa vya makochi yote, cherehani yake ikiwa dirishani na kazi ya mumewe ikiwa katikati ya chumba, na kwa miaka mingi walikuwa wamebishana migongo ikiwa imegeukiana. Lakini tangu ile picha alikuwa na tabia mpya. Kila mumewe akinyamaza kidogo, aliita, "Upo?" Kutoka jikoni, kutoka uani, kutoka bafuni akiwa na sabuni machoni. "Upo?" Na Fundi aliitikia, "Nipo," kwanza akicheka, halafu bila kucheka, halafu kwa kukereka kidogo.

Asubuhi Fundi aliinua chuma. Kijiti kilikuwa kijiti. Akamimina chai, akakaa kukitazama. Chai ikaisha. Akamimina nyingine, maana alitaka kutenda haki, na hiyo nayo ikaisha. Kijiti kilikuwa kimejilalia mezani, hakina habari.

Na hapa tuseme ukweli wake: Fundi alifurahi. Raha ilimpita mwilini kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Mtu aliyeambiwa kwamba mshipa wa kichwani mwake unaweza kupasuka kesho hakuwa na sababu ya kufurahi hivyo, na kama angejiuliza angeshangaa. Hakujiuliza. Alianza kazi ya siku akipiga mluzi.

Kazi yenyewe ilikuwa kiti cha mikono cha mama mmoja mpenda ushonaji wa urembo, chenye vifungo mgongoni, kile cha kuvuta kitambaa kwa mikono miwili huku mwenye kazi akitamani angekuwa na wa tatu. Fundi wa tatu hakuwa nao, ila alikuwa na mdomo. Mafundi makochi wote wako hivyo. Misumari midogo inakaa midomoni, uzi unakaa midomoni, shazia, ile sindano nene, inabanwa kwa meno. Fundi aliweza kukaa na misumari shavuni asubuhi nzima, akasalimiana na wapita njia, akapatana bei na mteja, na asimeze hata mmoja. Mkono ulikwenda mezani wenyewe, ukachukua, ukatia mdomoni, na yeye mwenyewe hakuhusishwa.

Mkono ulikwenda mezani. Ulikuta kitu chembamba, cheupe, urefu wa kipande cha uzi uliotiwa nta. Ukakitia shavuni.

"Mama watoto," alisema Fundi akivuta kitambaa, "leo nampigia daktari. Nitamwambia kwa heshima zote. Binti mzuri, kasoma, mchangamfu. Lakini sponji yake nimeilaza na haikuamka. Sasa haikuamka hapa mezani, itaamkia kichwani mwangu?"

Mkewe alikanyaga cherehani kwa nguvu kuliko kawaida. 

"Mimi sikatai tiba. Mtu asije akasema nimekataa tiba. Nakataa kutiwa kitu ambacho mimi mwenyewe nisingekitia hata kwenye stuli. Mteja akiniuliza, fundi, umeniwekea nini, nimwambie nimekuwekea... nimekuwekea hii... hii hponhi..."

Cherehani ilisimama.

"Umesemaje?"

"Hponhi," alisema Fundi, naye mwenyewe akashangaa. Akajaribu tena. "Nahema hponhi. Ya hakhari."

Mkewe aligeuka. Alimwona mumewe kasimama, macho yamemtoka, shavu moja limevimba, mdomo umevutika upande mmoja, udenda unamtiririka kidevuni. Mdomo kwenda upande. Maneno kuvurugika. Alikuwa amezishika dalili zile kama mtoto anavyoshika hesabu za kuzidisha, na sasa zilikuwa mbele yake zote.

Kiti kilianguka. Hata Fundi hakuona jinsi mkewe alivyovuka chumba. Alimkamata kichwa kwa mikono miwili, akamlaza juu ya kochi lisilo na kitambaa, springi zikalia, huku akimwita kwa jina alilomwita zama za uchumba wao na ambalo watoto wao hawakuwahi kulisikia.

"Inua mikono. Yote miwili. Nakwambia inua mikono yote miwili."

"Hi mhiha," alisema Fundi, akimaanisha si mshipa.

"Usiseme. Usiseme kitu. Inua mikono."

Akainua. Yote miwili ilipanda sawasawa, lakini mkewe alikuwa haoni, machozi yalikuwa yamemjaa, na alikuwa anatafuta namba ya hospitali kwenye simu. Fundi alitia vidole vyake mdomoni, akavuta. Kitu kilikataa kidogo, halafu kikatoka kwa sauti ya kizibo.

Kilikuwa kipande cha sponji, cheupe, laini, kinene kama kidole gumba. Kilikuwa kimelowa mate na hakikuwa na mkunjo hata mmoja.

Wakakitazama wote wawili. Kisha Fundi, kwa mazoea yaleyale yaliyomfikisha hapo, akakibonyeza. Kikazama, kikarudi. Akakibonyeza tena kwa kucha, kwa hila, akitafuta kosa. Kikarudi.

"Ni nzuri hii," alisema.

Kati ya maneno yote aliyowahi kumwambia mkewe tangu wajuane, hayo ndiyo yaliyokuja wakati mbaya kuliko yote. Mkewe aliiweka simu chini. Akakaa sakafuni, katikati ya mabaki ya vitambaa, akalia. Hakuwa analia kwa hasira wala kwa furaha. Alilia kama mtu aliyebeba mzigo mbali sana, akaambiwa autue tu hapohapo.

"Nilijua umekwenda," alisema. "Nilijua ndiyo basi tena."

Fundi alishuka kwenye kochi, akakaa chini kando yake, sponji ikiwa kiganjani. Alimwona vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ya picha. Macho yalikuwa yameingia ndani. Alikuwa amekonda usoni, na Fundi, anayegundua kochi limebonyea kwa upana wa kucha, hakuwa ameliona hilo.

"Ukinyamaza tu," mkewe aliendelea, "ninakuzika. Ukiitika ninakufufua. Kutwa nzima nafanya kazi hiyo. Usiku sijui hata usingizi unafananaje. Haya, sponji imeamka, umeiona, umeibonyeza. Sasa nipe sababu nyingine."

Fundi alitafuta sababu nyingine. Alitafuta kwa bidii, na hakuwa nayo. Kilichokuwa kimebaki, baada ya sponji kumgeuka na kuamka, ni kile kilichokuwa chini ya sponji siku zote.

"Naogopa," alisema.

Mkewe alifuta pua kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

"Unamkumbuka kaka," alisema Fundi. Kaka yake ndiye aliyemfundisha kazi, na ndiye aliyepigwa na kiharusi, akabaki na mkono uliopooza. "Unakumbuka alivyokuwa anakuja hapa anakaa palepale pembeni, mkono kauweka mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa ashike. Anatazama nyundo. Haongei, anaitazama tu. Daktari aliposema mkono unaweza kupooza, mimi sikusikia tena kitu. Kufa naona mbali. Ila nikiamka huu haupo, nitakuwa nani? Nitakula nini? Utakula nini wewe?"

"Kwani vitambaa vinajishona?"

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo ulivyosema. Mimi sikuolewa na mkono. Ukipooza nitagonga misumari mimi, wewe utakaa kwenye kiti unabonyeza na kunung'unika, kazi mbili unazozipenda. Nitajigonga vidole, nitajifunza. Lakini huwezi kuniacha kila siku nikuzike hivi." Akakikunja kile kitambaa. "Mimi naogopa kuliko wewe. Basi tuogope wote, twende."

Fundi alimpigia daktari akiwa bado sakafuni.

"Mzee. Uliiweka kwenye maji?"

"Niliiweka kwenye majimaji," alisema Fundi. "Imeamka vizuri. Ninunue lini?"

Siku ilipofika alikibonyeza kitanda cha hospitali, akatikisa kichwa, akalala. Mkewe alimshika mkono wa kulia mpaka kwenye mlango ambao yeye hakuruhusiwa kuupita. Hapo Fundi alitaka kusema kitu kizuri, cha kukumbukwa, akasema, "Usimpe mtu kile kiti cha vifungo kabla sijakikagua," na mlango ukafungwa. Daktari alimwinamia kwa macho yake ya kucheka. Dawa ya usingizi ilipanda mkononi, baridi.

Alipoamka, kulikuwa na dari. Alikuwa na koo kavu na mguu umenyooshwa, na mahali fulani mashine ilikuwa inahesabu kitu kwa utulivu. Alijua yeye ni nani, alijua yuko wapi, akajipongeza. Kisha akauagiza mkono wa kulia uchezeshe vidole.

Haukujibu.

Akauagiza tena. Hapakuwa na mkono. Kutoka begani kushuka chini palikuwa na uzito tu, kama kitu cha mtu mwingine. Machozi yalimtoka pembeni mwa macho na kuingia masikioni, na hakuthubutu kugeuza shingo aone. Alimfikiria kaka yake. Alimfikiria mkewe akijigonga vidole kwa nyundo. Akasema moyoni, haya, basi, nimeamka, yupo ambaye nimeamka kwa ajili yake, tutaanzia hapo. Na akashangaa kwamba aliyaamini hayo maneno.

Ndipo aliposikia mkoromo. Ulikuwa mkoromo mdogo wenye kukwama katikati, ambao aliujua kuliko wimbo wowote. Akageuza macho. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti kibovu cha hospitali, kiwiliwili chote kimelalia kitanda, na kichwa chake kizito, pamoja na kilemba na hereni, kiko juu ya mkono wa Fundi wa kulia, kimeukandamiza kabisa. Mdomo ulikuwa wazi. Alikuwa amelala usingizi ule ambao hakuwa ameuona tangu siku ya picha.

Fundi alingoja. Polepole sana sisimizi walianza kutembea kwenye vidole vyake, na hakuwahi kufurahia kuumwa kama alivyowafurahia hao.

Nesi aliingia na kalamu yake. "Umeamka, baba. Daktari kasema sponji imekaa vizuri, kifuko kimejaa chote. Unajua uko wapi?"

"Kwenye godoro baya."

"Vizuri. Nibane kwa mkono wa kushoto. Vizuri. Sasa inua wa kulia."

Fundi hakuinua.

"Baba, inua mkono wa kulia." Sauti ya nesi ilibadilika, na mguu mmoja ulikuwa umeshaelekea mlangoni. "Huwezi kuuinua?"

"Naweza," alinong'ona Fundi. "Lakini nikiuinua ataamka."

Nesi alimtazama yule mwanamke aliyelala. Akarudi, akainama karibu na kitanda, akamwambia basi achezeshe vidole tu. Fundi alivichezesha kimoja baada ya kingine, taratibu, chini ya shavu la mkewe, na nesi akaandika kwamba mkono wa kulia ni mzima.